Dondoo la kalasi halizuii kuvu ilhali la mzizi linazuia: tatizo liko wapi?

Mwanatishu (mwenye swali):
Wataalamu, habari za kazi. Ninachunguza vitu vinavyozuia kuvu katika mmea wa dawa wa jenasi ya Berberis, ambao maganda ya mizizi yake yana alkaloidi (kemikali ya mmea yenye nitrojeni) ya manjano iitwayo berberini. Kwa kuwa kuvuna mizizi ni sawa na kuua mmea wenyewe, nimeamua kuzikuza seli zake maabara kama kalasi, yaani bonge la seli ambazo bado hazijawa mzizi wala jani. Kalasi inakua vizuri gizani, kwa nyuzi 25 za selsiasi, kwenye lishe ya Murashige na Skoog yenye sukrosi gramu 30 kwa lita, pamoja na homoni za mimea: auksini ya 2,4-D na kinetini kidogo. Hata hivyo, dondoo la methanoli la ganda la mzizi huzuia kuvu wa Candida albicans waziwazi kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea), ilhali dondoo la kalasi, kwa ukolezi uleule, haliachi hata alama. Kalasi yenyewe ni nyeupe, yenye mabaka ya manjano hapa na pale. Je, seli zimeacha kutengeneza berberini, au namna ya kupima ndiyo yenye kasoro? Nimefikiria pia kuzishtua seli kwa kitosani, ili zijihami kana kwamba zimeshambuliwa. Naomba maoni yenu.

Kemia_Asilia:
Ndugu Mwanatishu, mabaka hayo ya manjano ndiyo habari muhimu kuliko yote uliyoandika. Seli za kalasi hazifanani hata kama zimetoka katika kipande kimoja cha mmea: baadhi hutengeneza alkaloidi kwa wingi, na nyingi huwa zinagawanyika tu. Yasuyuki Yamada na Fumihiko Sato wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walipokuza seli za Coptis japonica, mmea mwingine wenye berberini, walikuwa wakichagua vijibonge vyenye rangi iliyokolea, wakivikuza peke yake na kuchagua tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata ukoo wa seli wenye berberini nyingi. Chukua kisu kilichotakaswa, kata baka la manjano, lihamishie kwenye chombo chake, na urudie hivyo kila unapohamisha kalasi. Kazi hii inachosha, lakini sijaona njia ya mkato inayoishinda.

Jambo la pili ni lishe. Lishe uliyoitaja imeundwa ili seli zikue haraka, na kwa kawaida seli inayokua haraka haijishughulishi sana na metaboliti za upili, yaani vitu kama alkaloidi ambavyo havihitajiki kwa ukuaji wenyewe. Tena 2,4-D mara nyingi hukandamiza utengenezaji wake. Ndiyo maana kampuni ya Mitsui Petrochemical ya Japani, ilipoanza kuzalisha shikonini, rangi nyekundu, kwa seli za Lithospermum erythrorhizon katika miaka ya 1980, ilitumia hatua mbili: kwanza lishe ya kuongezea wingi wa seli, kisha lishe nyingine ya kuzalishia, isiyo na amonia, kwa sababu amonia huzuia rangi ile nyekundu isitokee. Kwako wewe, ningejaribu kwanza kupunguza 2,4-D au kuibadilisha na auksini nyingine katika hatua ya pili.

Kuhusu kuzishtua seli, wazo lina msingi mzuri. Vitu vingi vinavyozuia kuvu ni silaha ambazo mmea huzitengeneza unaposhambuliwa, kwa hiyo seli iliyokaa kwa raha ndani ya chupa haina sababu ya kuzitengeneza. Seli za mpopi, Papaver somniferum, zilizokuzwa maabara kwa kawaida hazitoi mofini, lakini zikiguswa na dondoo la kuvu wa Botrytis huanza kutoa alkaloidi nyingine, sanguinarini, kwa wingi ndani ya siku chache. Sanguinarini na berberini zina asili moja katika seli: njia za kuzitengeneza huenda pamoja mpaka kwenye kemikali iitwayo skulerini, ndipo zinapoachana.

Msoma_Sahani:
Nakubaliana na yaliyosemwa hapo juu, isipokuwa kuhusu kitosani ninaomba tahadhari kubwa. Kitosani yenyewe huzuia kuvu. Ukiiweka kwenye seli kisha dondoo likaiua Candida, utajuaje kama kilichoua ni alkaloidi au masalio ya kitosani? Ni lazima uwe na chupa ya lishe yenye kitosani isiyo na seli, iliyotikiswa kwa siku zilezile na kutolewa dondoo kwa njia ileile. Chupa nyingine iwe na lishe tupu. Pasipo hizo mbili, mimi nikiwa mhakiki ningeirudisha makala hiyo bila kuisoma mpaka mwisho. Methili jasmonati, homoni ya mimea ya kujihami, ni mbadala mzuri, nayo pia iwe na chupa yake ya kulinganishia.

Sasa nirudi kwenye upimaji wako. Unasema ukolezi ni uleule, lakini uleule wa nini? Miligramu moja ya dondoo la methanoli la kalasi, sehemu yake kubwa ni sukari na chumvi zilizotoka kwenye lishe, na sukari hiyo ni chakula cha Candida. Osha seli kwa maji yaliyotakaswa kabla ya kuzikausha, kisha pima kiasi cha berberini chenyewe kabla hujagusa kuvu. Njia ya haraka ni kromatografia ya tabaka jembamba: weka tone la dondoo lako kando ya tone la berberini halisi kwenye bamba la silika, na baada ya kiyeyushi kupanda, litazame chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Berberini hung'aa kwa rangi ya manjano inayoelekea kijani. Kama doa hilo halipo, Candida haina kosa lolote.

Sahani ya agari nayo si hakimu mzuri kwa kitu hiki. Berberini ina chaji chanya, na huweza kunaswa na agari badala ya kusambaa. Tumia sahani ndogo yenye visima 96, lishe ya RPMI 1640 iliyowekwa kwenye pH 7.0, chembe za kuvu kati ya 500 na 2,500 kwa mililita, nyuzi 35, na usome baada ya saa 24, dawa ya kuvu ya flukonazoli ikiwa ya kulinganishia. Kiyeyushi cha DMSO kisizidi asilimia 1. Kwa kuwa dondoo lako ni la manjano, soma kila kisima mara mbili, kabla na baada ya kuotesha, usije ukaihesabu rangi ya dawa kuwa ni wingi wa kuvu.

Mwanatishu:
Nashukuru sana. Naomba kuongeza swali moja: seli zikishahamishiwa kwenye lishe ya majimaji, je, nitoe dondoo kwenye seli tu, au na majimaji yenyewe?

Kemia_Asilia:
Vyote viwili, na kila kimoja peke yake. Seli za Coptis japonica huhifadhi berberini ndani ya vakuoli (kifuko kilicho ndani ya seli), lakini za Thalictrum minus huitoa nje kwenye lishe, na huko inaweza kuganda ikawa fuwele. Huwezi kujua Berberis yako inafuata tabia ipi mpaka upime.

Msoma_Sahani:
Na kabla hujafurahia matokeo, pima dondoo hilohilo kwenye seli za binadamu. Seli ya kuvu, kama yetu, ina kiini na mitokondria, kwa hiyo vitu vinavyoua seli za kuvu na za binadamu pia ni vingi mno. Sanguinarini iliyotajwa hapo juu ni mojawapo. Berberini peke yake ina nguvu ya wastani tu dhidi ya Candida, ila inapochanganywa na flukonazoli imeonyesha kuzidhoofisha hata aina sugu. Kwa hiyo panga visima vichache vya mchanganyiko huo tangu jaribio la kwanza, wakati dondoo bado lipo la kutosha.