Labirinti ya mizunguko 7 kwenye uwanja wa mita 10 kwa 10: mistari inagoma kukutana

Swali: Mchora_Mbegu
Wakuu, habari. Nataka kupanga labirinti ya mawe (njia moja tu inayozunguka hadi kati), ile ya kale ya mizunguko 7, kwenye uwanja mtupu wa mita 10 kwa 10. Karatasini, nikianza na msalaba na pembe zake nne, kila mara inabaki ncha moja isiyo na mwenzake. Na chini umbo linaegemea upande mmoja. Vipimo vinapangwaje? Pia, ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, inaweza kuingia kwenye eneo hilo? Au niachane nayo nipande mzingile wa ua (uzio wa mimea), ule wenye njia panda?

KambaNaKigingi
Ncha pweke maana yake umeruka nukta. Mbegu, yaani mchoro wa kuanzia, ina ncha 16: msalaba 4, pembe 8 (kila moja ina ncha mbili), nukta 4. Matao ya kuziunganisha ni 8, kila tao linakula ncha mbili, basi hakuna kinachobaki. Wengi huchukulia nukta kama pambo. Nukta ni ncha kamili.

Tuanze na kipimo kimoja, tukiite K: upana wa njia PAMOJA na unene wa mstari. Umbo zima linachukua K 15 kwa upana na K 13.5 kwa urefu. Kwako K iwe sm 60, upate mita 9 kwa 8.1. Mawe yakiwa na unene wa sm 15, njia inabaki sm 45, inapitika vizuri. Ukisahau unene wa mawe, mizunguko ya ndani ndiyo itakayokubana.

Mbegu ni mraba wa K 4 kwa 4. Msalaba katikati, kila mkono K 2. Katika kila robo weka pembe: kona yake iko K 1 kutoka kila mkono wa msalaba, na miguu yake inatoka nje hadi ukingo wa mraba. Nukta ziko kwenye kona nne za mraba.

Kuunganisha: ncha ya juu ya msalaba inaenda kwenye ncha ya pembe iliyo kulia kwake. Hilo ni tao la 1. Tao la 2 linatoka ncha ya kwanza kushoto ya msalaba hadi nukta ya juu kulia. La 3 linatoka nukta ya juu kushoto hadi ncha inayofuata upande wa kulia. Endelea hivyo, kushoto hatua moja, kulia hatua moja, matao yote yakipita juu, hadi la 8 litakapoishia mguuni mwa msalaba. Huruki kitu.

Kuegemea upande si kosa, ndivyo umbo lilivyo. Kosa ni kuweka msalaba katikati ya uwanja. Kitovu cha msalaba kinakaa K 7 kutoka ukingo wa kushoto, K 8 kutoka kulia, K 4 kutoka chini na K 9.5 kutoka juu. Kwako ni mita 4.2, 4.8, 2.4 na 5.7, ukiongeza pambizo.

Sasa vigingi. Watu huchora matao yote kutoka kigingi kimoja, halafu wanashangaa. Vinahitajika vitano:
- Cha kwanza kwenye ukingo wa juu wa mbegu, nusu K kulia ya mkono wa msalaba. Hapa unachora nusu duara za juu, zote 8: nusukipenyo sm 30, 90, 150, hivyo hivyo hadi 450.
- Nukta ya juu kulia: robo duara za K 1 hadi 6, kwa tao la 3 hadi la 8.
- Nukta ya juu kushoto: robo duara za K 1 hadi 5, kwa tao la 4 hadi la 8.
- Nukta ya chini kulia: K 1 kwa tao la 7, K 2 kwa la 8.
- Nukta ya chini kushoto: K 1 kwa tao la 8 tu.

Mistari yote ikijumlishwa ni kama K 179, yaani mita 107 hivi. Jiwe moja kila sm 30, andaa mawe 360 na ya akiba.

Mlango unabaki kushoto ya mguu wa msalaba. Kabla ya kupanga mawe, mwaga chokaa kwenye mistari kisha tembea. Ukihesabu mizunguko kutoka nje, utapita 3, 2, 1, 4, 7, 6, 5, halafu kati. Mpangilio mwingine wowote maana yake kuna tao limeunganishwa vibaya. Kwenda tu ni kama mita 94.

Mchora_Mbegu
Asante sana mkuu, nukta zilikuwa ndizo. Hapo kati panatosha watu wangapi?

KambaNaKigingi
Mmoja. Kati ni K 1 tu, chini ya tao la kwanza.

Sakafu_ya_Mawe
Hilo la kati ndilo linalowavuta watu kwenye Chartres, maana pale kati pana takriban mita 3. Lakini kwa mita 10 sikushauri. Ile ya Chartres, ya mwanzoni mwa karne ya 13, ina kipenyo cha karibu mita 12.9, mizunguko 11, njia ya sm 34 na mstari wa sm 8 hivi. Ukiibana iwe mita 10, njia na mstari kwa pamoja ni kama sm 32. Kwenye sakafu laini mstari unaweza kuchorwa mwembamba. Kwa mawe, mguu hauna pa kukanyaga.

Kuhusu matumizi ya kiroho, jihadhari na hadithi za mtandaoni kwamba mahujaji wa enzi za kati walikuwa wakiipita kwa magoti badala ya kwenda Yerusalemu. Ushahidi wa wakati ule ni haba mno. Kinachojulikana kwa maandishi ni cha kanisa kuu la Auxerre, Ufaransa: kumbukumbu za 1396 zinataja mchezo wa mpira wa makasisi juu ya labirinti siku ya Pasaka, na ukapigwa marufuku 1538. Utaratibu wa kutembea kwa hatua tatu (kuachilia ukiingia, kupokea ukiwa kati, kurudi) ni wa juzi tu. Aliyeueneza ni kasisi Lauren Artress wa kanisa kuu la Grace Cathedral, San Francisco, kuanzia 1991. Si ubaya, ila usiuite wa kale.

Mkono_Ukutani
Mzingile wa ua kwenye mita 10? Hapana. Ua wa sm 60 na njia ya sm 90 ni mita 1.5, kwa hiyo unapata safu sita tu. Mtu ataumaliza kabla hajapotea, na utasubiri miaka ua urefuke hadi uzibe macho.

Ukipata eneo kubwa siku moja, kumbuka kanuni ya mkono mmoja ukutani inafanya kazi pale tu ua unaozunguka kati umeungana na ua wa nje. Mzingile wa Hampton Court, Uingereza, uliopandwa miaka ya 1690, unatatuliwa kwa mkono. Ule wa Chevening, pia Uingereza, wa miaka ya 1820, una ua zilizosimama peke yake kama visiwa, na mkono utakuzungusha ukutoe ulipoingilia. Mbuni anayetaka ugumu hukata ua sehemu mbili tatu, haongezi njia zinazoziba.

Halafu kuna jambo linalonichekesha. Katika hekaya ya Kigiriki, Thesio alihitaji uzi wa Ariadne kutoka kwenye labirinti kwa sababu ya njia panda, lakini sarafu nyingi za Knossos, mji wa kale wa Krete, zinaonyesha hii hii ya mizunguko 7, ambayo kipofu anafika kati bila uzi. Nyingine ni za mraba, kama ile iliyokwaruzwa nyuma ya kibao cha udongo cha Pylos, Ugiriki, cha karibu 1200 KK. Mchora_Mbegu, kama robo duara zinakusumbua, fanya ya mraba: mbegu ile ile, muungano ule ule, kona badala ya matao.

KambaNaKigingi
Naunga mkono ya mraba kwa matofali. Kwa mawe ya duara, kona zinasogea. Na kamba isiwe ya nailoni: kwenye nusukipenyo cha mita 4.5 inavutika vya kutosha kulifanya tao la 8 lilisogelee la 7. Tumia waya au utepe wa kupimia, kitanzi kiwe legelege kwenye kigingi kisijiviringe. Kama ni juu ya nyasi, zamisha mawe yalingane na ardhi, mashine ya kukatia ipite juu.