Mrejesho: ile testi ya C iliyokuwa inapita halafu inakrashi

Wakuu nimerudi. Kwa aliyekosa mwanzo, nilikuwa na testi ya KUnit (mfumo wa kutesti kodi ya keneli, yaani kiini cha Linux) ya fankisheni moja ya keneli hiyo inayorudisha pointa, yaani anwani ya mahali kwenye memori, naicheki kwa KUNIT_ASSERT_NOT_NULL (inayohakikisha pointa sio NULL, yaani sio tupu, sifuri) inapita freshi kabisa, halafu mstari unaofuata nikiigusa tu ile pointa kila kitu kinalala.

Kumbe mlioniambia nisiangalie NULL peke yake mlikuwa sahihi. Ile fankisheni ikifeli hairudishi NULL, inarudisha namba ya kosa iliyofichwa ndani ya pointa yenyewe kwa ERR_PTR, yaani zile anwani 4095 za mwisho kabisa kule juu ambako hakikai kitu halali, kwa hiyo sio sifuri na testi inaona poa tu. Nikaprinti PTR_ERR, inayoitoa ile namba ya kosa kwenye pointa, nikakuta -12, yaani -ENOMEM, memori haitoshi. Nilikuwa nimepitisha saizi kubwa ya kijinga, na siku mbili nzima namlaumu kompaila wa watu bure!

Sasa natumia KUNIT_ASSERT_NOT_ERR_OR_NULL, inakamata yote mawili. Ila mwanzo niliweka ile ya EXPECT na bado ikakrashi, maana EXPECT inaandika tu kwamba imefeli afu inaendelea na safari, ASSERT ndo inakata testi palepale.

Na pale ninapotaka fankisheni yenyewe ifeli makusudi nalinganisha pointa iliyorudi na ERR_PTR(-EINVAL), kosa la kupewa kitu kisicho sahihi, kwa KUNIT_EXPECT_PTR_EQ, nayo imekubali. Asanteni sana, hili limeisha.