Surf ya automatiki: nibadilishe sensa za mwendo kwanza, au nishushe giaboksi nifungue pampu ya oili?

Msafiri wa Kitonga (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Giaboksi ya gari langu, ambayo ni ya automatiki, inanisumbua kwa wiki ya tatu sasa, na ninatakiwa kuamua kabla ya Jumamosi kwa kuwa ndiyo siku niliyopewa na fundi. Taa ya O/D OFF (ya gia ya juu, ovadraivu) humetameta nikiwa barabarani, gia huchelewa kubadilika, na kuna mvumo unaosikika chini ya miguu. Fundi wa kwanza anasema tubadilishe sensa mbili za mwendo, haidroliki (oili ya giaboksi) na chujio, kazi ambayo haihitaji kushusha giaboksi, kwa shilingi 380,000. Wa pili anasema pampu ya oili imekwisha, hivyo ni lazima giaboksi ishushwe na pampu ifunguliwe, naye anataka 900,000 bila vipuri. Shemeji yangu ananishauri ninunue giaboksi ya mtumba. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Bisibisi
Mkuu, umetaja Surf tu bila maelezo zaidi. Ni ya mwaka gani, na injini gani? Mvumo huo unausikia hata mkono wa gia ukiwa kwenye P (ya kuegesha), na unapanda ukikanyaga mafuta? Oili kwenye kijiti cha kupimia ina rangi gani, na inanukaje? Hao mafundi wawili walisoma kodi za kompyuta, yaani namba za hitilafu, au walisikiliza tu na kutaja bei? Bila majibu hayo, kila atakayekushauri hapa atakuwa anabahatisha kwa fedha zako.

Dada wa Usukani
Mimi ningenunua ya mtumba. Nilifunga moja kwenye Noah yangu mwaka 2020, imetembea hadi leo bila tatizo. Ukifungua giaboksi ya zamani, leo utatengeneza pampu, kesho klachi, keshokutwa solenoidi (vali za umeme), na kila mara unalipia kushusha na kupandisha.

Tanga Line
Dada, giaboksi ya mtumba nayo ina pampu ya mtumba na sensa za mtumba. Muuzaji anakuonyesha oili nyekundu aliyoimimina jana. Hujui ilitoka kwenye gari la namna gani.

Msafiri wa Kitonga
Naombeni radhi kwa kuacha mambo ya msingi. Ni Toyota Hilux Surf ya 1997, injini 1KZ-TE, giaboksi ya gia nne. Nimelinunua 2019 na sijawahi kubadilisha haidroliki. Kwenye kijiti ni ya kahawia iliyokoza, ila sikusikia harufu ya kuungua. Mvumo upo hata kwenye P na hupanda na injini. Taa huanza kumetameta baada ya mwendo wa nusu saa hivi, gari likishapata joto. Kodi hazikusomwa na fundi yeyote.

Bisibisi
Sasa tunaweza kuzungumza. Hapo kuna matatizo mawili ambayo yanaweza kuwa hayahusiani kabisa, na kila fundi amekamata moja. Katika Toyota za kizazi hicho, taa ya O/D OFF humetameta kwa sababu za umeme, yaani sensa au solenoidi. Kompyuta haina njia ya kujua kwamba meno ya pampu yamelika, hivyo taa hiyo si ushahidi wa pampu. Kwa upande mwingine, sensa ya mwendo ni sumaku na koili tu, haiwezi kuvuma. Mvumo unaofuata mzunguko wa injini hata gari likiwa limesimama unatoka kwenye kitu kinachozungushwa na injini, na ndani ya giaboksi kitu hicho cha kwanza ni pampu, kwa kuwa huzungushwa moja kwa moja na shingo ya tokonveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi. Lakini pampu nzima nayo huvuma kama chujio limeziba, kwa sababu huvuta hewa badala ya oili.

Kodi utaisoma mwenyewe bila mashine. Fungua boneti, tafuta kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini huku O/D ikiwa imeruhusiwa, kisha hesabu mimeto ya taa. Mimeto sita, kituo, kisha mmoja ni 61, nayo ni sensa namba 2 iliyo kwenye giaboksi. 42 ni sensa namba 1, ile inayohudumia dashibodi. 62 na 63 ni solenoidi, na hapo kununua sensa kutakuwa hasara.

Mzee wa Gereji
Kijana wangu, usikubali giaboksi ishushwe mpaka uwe na hakika, na ukiishusha, simama pale pale wakati wa kuirudisha. Mwaka 2016 Prado yangu ilishushwa giaboksi katika gereji moja kwa ajili ya sili ya mbele tu, iliyokuwa ikidondosha matone machache usiku. Pampu ilikuwa nzima, gari lilikuwa likipanda milima bila shida. Vijana waliirudisha usiku kwa kumulika na simu. Tokonveta inapoingizwa huzungushwa kwa mkono na kushuka kwa hatua, moja baada ya nyingine, mpaka shingo yake iingie kwenye gia ya pampu. Wao walisimama kabla ya hatua ya mwisho. Giaboksi ilipokataa kukutana na injini, ikabaki nafasi inayoweza kupita kidole, wakafunga bolti na kuivuta kwa nguvu ya spana. Tulipowasha, gari halikusogea mbele wala nyuma. Nikaambiwa kwamba pampu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, nikalipa upya kila kitu. Ile gia ya pampu ninayo mezani hadi leo: pembe mbili za ndani zinazokamatwa na shingo ya tokonveta zimekatika, na sehemu zilizokatika zinang'aa kama chuma kilichovunjika siku hiyo hiyo, wala si kilicholika kwa miaka.

Fundi akikuambia pampu imekwisha, mwombe aipime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) mbele yako. Katika jamii ya A340, ambamo giaboksi yako imo, nafasi kati ya gia ya nje na mwili wa pampu huwa milimita 0.07 hadi 0.15, na kikomo ni 0.3. Nafasi ya upande wa uso huwa 0.02 hadi 0.05, kikomo 0.1. Asiyekuwa na kipimo hicho asikuuzie pampu.

Dada wa Usukani
Pole sana Mzee. Ila mkuu, oili ya tangu 2019 usiiguse kwa mashine ya kusukuma. Uchafu uliotulia utakwenda kuziba vali. Mwaga ya kwenye sampo (beseni la oili chini ya giaboksi) tu, weka mpya, rudia baada ya wiki mbili.

Tanga Line
Naunga mkono, na asome maandishi ya kwenye kijiti kabla ya kununua. Kama kimeandikwa Dexron, aweke oili ya Dexron, asikubali kuuziwa oili ya T-IV kwa sababu tu ni ya Toyota.

Dada wa Usukani
T-IV nimeitumia kwenye magari mawili ya Dexron, na hakuna lililokufa.

Bisibisi
Kutokufa si kipimo, dada. Afuate kijiti.

Msafiri wa Kitonga
Wakuu, ni Ijumaa usiku na mikono bado ina oili. Kodi ni 61. Nilitoa soketi ya sensa namba 2 nikapima koili kwa maltimita: gari likiwa la baridi nilipata omu 620. Nilipotoka kuliendesha mpaka taa ikaanza kumetameta, nikapima tena hapo hapo, mita haikusoma chochote. Kisha nimefungua sampo. Sumaku zina tope laini la kijivu, hakuna vipande wala unga wa shaba, lakini chujio lilikuwa jeusi. Nimeweka chujio jipya na Dexron kama kijiti kinavyosema. Mvumo umepungua sana, ila haujaisha.

Bisibisi
Umefanya vizuri. Kiwango cha sensa hiyo ni omu 560 hadi 680 kwenye nyuzi 20, kwa hiyo ingepimwa ya baridi peke yake ungeambiwa ni nzima. Koili hukatika ikipata joto. Badilisha hiyo moja pamoja na oringi yake, hiyo ya dashibodi iache. Kuhusu mvumo, kwanza pima kiwango cha oili ikiwa moto, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P. Ikizidi nayo hutoa povu. Halafu angalia kebo inayotoka kwenye throtli hadi giaboksi, kwa sababu ikilegea presha hushuka na pampu husingiziwa.

Mzee wa Gereji
Baada ya hapo funga geji ya presha kwenye tundu la kupimia. Presha ikiwa chini kwenye D (mbele) na R (nyuma) zote mbili, hapo pampu inaingia kwenye mashaka. Ukikanyaga mafuta ukiwa umeshika breki, usizidishe sekunde tano.

Msafiri wa Kitonga
Geji sina, na fundi wa kesho nimempigia, naye hana. Je, kuna mwenye nayo kati ya Mbezi na Kibaha anayeweza kunikodisha kwa nusu siku?

Tanga Line
Ninayo, lakini niko Korogwe hadi Jumanne. Mwambie fundi akuwekee sensa tu kesho.