Taarifa niliyoandika inasema Tabora kuna mawingu, simuleta inaonyesha anga tupu

Rubani wa Mwanga (Kigoma)

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa misheni ya simuleta ya ndege kwa vijana wanne ambao huja kuruka kwangu kila Jumamosi. Kazi yao ni kupeleka chanjo Tabora kwa Cessna Caravan, wakiondoka Kigoma saa nane mchana na kutembea maili za baharini zipatazo 190, ambazo huchukua saa moja na robo hivi. Sipendi kutumia hali ya hewa ya moja kwa moja, kwa sababu intaneti ikikatika kila mmoja hubaki na anga yake. Kwa hiyo niliandika mwenyewe taarifa za uwanja wa Tabora (HTTB), yaani METAR, hali ya hewa ilivyo uwanjani, na TAF, utabiri wake, nikifuata mtindo wa zile za kweli:

METAR HTTB 181000Z 09010KT 9999 BKN015 27/20 Q1014

TAF HTTB 180500Z 1806/1818 09010KT 9999 SCT020 TEMPO 1812/1815 VRB20G35KT 3000 TSRA FEW018CB BKN020

Kisha nikaingiza kwenye programu tabaka la mawingu la futi 1,500, na mvua ya ngurumo ianze saa kumi na mbili jioni. Vijana walifika Tabora saa tisa na robo, wakakuta anga tupu na upepo mtulivu, hata mmoja wao akaniuliza redioni kama nilikuwa nimewasomea taarifa ya uwanja mwingine. Nimekosea wapi?

Mzee wa Kitete (Tabora)

Mawingu yako yapo, ndugu yangu, ila umeyafukia chini ya mizizi ya miembe yetu. Kimo cha mawingu katika METAR hupimwa kutoka usawa wa uwanja wenyewe, ilhali programu nyingi, nami nadhani yako ni mojawapo, huomba kimo kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Tabora uko karibu futi 3,900 juu ya bahari. Ukiandika 1,500 umeweka tabaka zima futi 2,400 chini ya ardhi, na programu haitakulalamikia, itanyamaza tu. Kwa BKN015 ya hapa, yaani mawingu mengi kwenye futi 1,500, ulipaswa kuandika 5,400.

Kuna jambo litakalokusumbua baadaye. Kigoma iko chini zaidi, takriban futi 2,700, hivyo tabaka hilohilo la 5,400 likitandazwa ramani nzima litaonekana kwenu likiwa futi 2,700 juu ya uwanja. Kama programu yako haikuruhusu kugawa hali ya hewa kwa maeneo, ipangie Tabora, kisha uandike METAR ya Kigoma kulingana na kitakachoonekana huko, usifanye kinyume chake. Rubani akisoma BKN015 kwenye viwanja vyote viwili halafu akaona mawingu ya Kigoma yakielea mbali juu ya ziwa, hataiamini tena karatasi yako.

Angalia na upepo. 09010KT ni upepo unaotoka mashariki, lakini baadhi ya programu za kupangia misheni huuliza unakoelekea.

Saa Tatu Kamili (Urambo)

Mzee amemaliza suala la kimo, mimi niseme la saa, maana ngurumo yako ilichelewa kwa saa tatu nzima. Muda katika taarifa hizi ni wa dunia (UTC, ndiyo ile herufi Z), wala si wa Afrika Mashariki. 1812/1815 ni tarehe 18, kuanzia saa 12 hadi saa 15 za dunia, na kwetu hiyo ni saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Wewe uliona 12 ukasoma saa kumi na mbili.

Wengi hufundishwa waongeze tatu, wapate saa za kizungu, kisha watoe sita wapate saa zetu. Huo ni mzunguko wa bure. Toa tatu moja kwa moja: 0600Z ni saa tatu asubuhi, 0900Z ni saa sita mchana, 1200Z ni saa tisa. Ukipungukiwa, kwa mfano 0000Z, ongeza kwanza kumi na mbili, nayo itakuwa saa tisa usiku. Nafikiri sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna njia fupi kuliko marubani wengi, ila hatuitumii.

Binti Ujiji (Kigoma)

Naomba niongeze kosa moja ambalo vijana wako hawajaligundua bado. Umeandika joto 27 na kiwango cha umande 20, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa matone. Kwa mawingu yanayofumuka mchana kutokana na joto la ardhi, tofauti hiyo ya nyuzi saba ukiizidisha kwa futi 400 hukupa kitako cha mawingu kwenye futi 2,800 hivi. Anayejua kusoma ataona kwamba 27/20 na BKN015 haviendani. Andika BKN028, au upandishe umande ufike 23.

Vilevile, TEMPO usiitumie kama pambo. Maana yake ni mabadiliko ya muda mfupi, kila moja chini ya saa moja, na kwa jumla chini ya nusu ya kipindi kilichotajwa. Kwa hiyo mvua yako ya ngurumo isikae uwanjani tangu saa tisa hadi kumi na mbili. Ifike saa tisa na dakika tano, ipige dakika arobaini, iondoke. Hapo rubani atalazimika kuamua kabla ya kuondoka Kigoma: abebe mafuta ya kusubiri, au ya kwenda Mwanza, ambako ni maili nyingine 160 kutoka Tabora? Ipakie ndege mizigo mpaka mafuta hayo yasienee bila kuacha kitu.

Ukitaka misheni ya Agosti au Septemba, achana na ngurumo. Andika 4000 FU, yaani kuona mita 4,000 tu kwa moshi wa misitu inayochomwa, uone watakavyoitafuta reli ya Kigoma hadi Tabora iwaongoze.

Rubani wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Nimeweka BKN028, yaani futi 6,700 kwenye programu, nikaandika BKN040 kwa Kigoma, na ngurumo nikaipanga kama alivyosema Binti Ujiji. Jumamosi vijana wawili waliacha maboksi manne Kigoma ili wabebe mafuta. Wa tatu alizunguka juu ya Urambo dakika thelathini na tano akiitazama saa, kisha akatua kwenye njia iliyolowa. Wa nne aligeuza kuelekea Mwanza akiwa na mafuta ambayo, kwa hesabu yangu, yasingemfikisha, na mpaka leo tunabishana kuhusu hesabu hiyo.