Bomba la kuchemsha maji nililonunua mtandaoni linaniuma vidole, muuzaji anasema nivae ndala

Nnalongo_Kireka
Habari zenu jamani. Nimejiunga leo kwa ajili ya jambo hili moja tu, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita niliona kwenye soko la mtandaoni lile bomba la jikoni lenye koili ndani na kioo kidogo cha kuonyesha joto. Unafungua, maji yanatoka moto papo hapo. Nina mapacha wa miezi saba, na kuwachemshia maji kwenye sigiri kila jioni kwa bei ya makaa ya siku hizi kunanimaliza. Shilingi 65,000 za hapa Uganda, boda analeta mpaka mlangoni, unalipa kwa mobile money. Soketi ya jikoni iko mbali na sinki, nikaagiza na ekstensheni ya matundu matano kwa muuzaji mwingine, 18,000.

Plagi ya bomba ina miguu miwili ya mviringo. Ukutani iligoma, lakini ekstensheni inakubali plagi za kila namna, ikaingia.

Siku nne raha tupu. Ya tano nikagusa maji nikahisi kama sisimizi wananitembea vidoleni. Nikapuuza. Jioni nimembeba mtoto mmoja, mkono wa pili napima maji, nikapigwa hasa, mpaka kwenye kiwiko. Mtoto akalia. Mpaka leo sijui kama naye ulimfikia au alishtuliwa na kelele yangu.

Muuzaji nilipomwandikia alijibu: "Mama vaa ndala ukitumia, hautasikia kitu." Nilipodai pesa akaniblock.

Ssalongo, baba yao mapacha, anasema bomba halina kosa, nyumba ndiyo mbovu, kwa sababu hata friji ya jirani yetu huuma ukiigusa bila viatu. Mimi nasema ni bomba. Nani mkweli? Na pesa yangu je?

Abwooli_wa_FortPortal
Nnalongo, pole. Kabla hatujafika kwenye pesa: umelichomoa?

Nnalongo_Kireka
Nimezima swichi ya ekstensheni.

Abwooli_wa_FortPortal
Kuzima si kuchomoa. Nenda ukachomoe ndiyo urudi tuongee.

Nnalongo_Kireka
Haya, nimechomoa.

Mzee_Mstaafu
Ndala! Huyo akiuza gari bovu breki atakwambia upande milima tu.

FundiWaya
Abwooli kasema kweli. Swichi za ekstensheni hizo nyingi hukata waya mmoja tu. Plagi ya miguu miwili inaingia upande wowote utakao, kwa hiyo siku nyingine swichi inakata waya wa moto, siku nyingine inakata ule wa kurudi na moto unabaki ndani ya bomba. Unaona taa imezima unadhani uko salama.

Sasa, nnyabo, wewe na Ssalongo wote ni wakweli, na hapo ndipo ninapoogopa.

Tuanze na bomba. Koili yake imezungukwa na maji hayo hayo unayomwogeshea mtoto. Kwenye haya ya bei ya kutupa, ganda la koili likipata ufa mdogo tu, umeme unaingia majini, na mkono wako ukiwa pale chini wewe ndiwe waya wa kuupeleka ardhini. Ndiyo maana kifaa kama hicho lazima kiwe na waya wa tatu, wa kijani na manjano, ambao sisi mafundi tunauita ethi, ubebe umeme uliovuja kabla haujakufikia. Plagi ya miguu miwili ya aina hiyo haina pa kuufunga. Nimeshafungua za namna hiyo nikakuta waya wa kijani umetoka vizuri kwenye bomba, halafu umekatwa na kufichwa ndani ya plagi.

Uganda tunatumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu bapa, ya Kiingereza, BS 1363. Ule mguu wa juu ni mrefu makusudi. Unatangulia kuingia, unafungua vifuniko vya matundu ya chini na kuunganisha ethi kabla moto haujafika. Wale wanaochokonoa tundu la juu kwa kalamu ili miguu miwili iingie wamefungua geti na kumfungia askari nje.

Halafu hesabu. Limeandikwa wati ngapi?

Nnalongo_Kireka
3000W.

FundiWaya
Gawa kwa 240, ni ampea 12.5. Ekstensheni ya 18,000 kwa kawaida ina waya wa unene wa milimita za mraba 0.75, na huo ni wa ampea 6 hivi. Umembebesha punda mizigo ya punda wawili. Waya wake ulikuwa unapata joto?

Nnalongo_Kireka
Ulikuwa unapata. Na kulikuwa na harufu kama ya jagi la plastiki lililosogezwa kwenye sigiri. Nilidhani ni upya wake.

FundiWaya
Mungu amewapenda.

Na sasa upande wa Ssalongo. Friji ya jirani kuuma maana yake ethi ya mizigo yenu yote, yaani vyumba vyenu vya kupanga, ama haipo ama imekatika. Kwenye nyumba za kupanga nakuta sana waya wa kijani umekunjwa nyuma ya soketi, haujaenda popote, na nje hakuna fimbo ya shaba ardhini. Hilo usipeleke UEDCL, wale wasambazaji wa umeme, wao kazi yao inaishia kwenye mita ya Yaka. Ni la mwenye nyumba. Tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, apime ethi kwa kipimo na si kwa testa ya bisibisi, na akuwekee RCD ya miliampea 30. Hiyo inakata umeme ukivuja, hata kama wewe ndiye unayepitiwa. Breka ya kawaida haikujui, inasubiri mzigo uzidi.

Ndala zinakusaidia mpaka siku mkono wa pili utakaposhika sinki la chuma.

Kijana_wa_Arua
Dada angalia alama ya CE kwenye boksi. Herufi zikiwa zimeachana ni ya Ulaya, zikibanana ni China Export. Hivyo ndivyo sisi tunavyotambua.

FundiWaya
Ndugu yangu, hiyo China Export ni hadithi ya WhatsApp, hakuna alama kama hiyo. CE ni mtengenezaji mwenyewe anatamka kwamba amefuata sheria za Ulaya, na kwa vifaa vingi vya nyumbani hakuna mtu wa nje aliyempima kabla. Mwenye printa anaibandika. Hapa kwetu tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika letu la viwango, na hata hiyo wapo wanaoighushi, kwa hiyo tazama kitu chenyewe. Plagi ya miguu mitatu ikiwa na plastiki nyeusi kwenye mguu wa juu kama ile ya miguu ya chini, ni feki. Ile halisi ya kifaa chenye ethi, mguu wa juu ni chuma kitupu. Ifungue, ndani kuwe na fyuzi. Na tembea na kasumaku kadogo, ikinasa waya ujue ndani ni chuma kilichopakwa shaba.

Duka_Kikuubo
Mimi nauza vifaa vya umeme, nitasema na mnitukane. Kule kiwandani wanakuuliza unataka waya wa unene gani na wa bei gani. Ukitaka wa chini unapewa wa chini, na juu yake wanakuchapia 2.5 bila malipo. Tangu 2013 kuna mpango wa PVoC, mzigo ukaguliwe kabla ya kupanda meli. Mimi naulipia. Yule wa mtandaoni anaingiza katoni tatu ndani ya kontena la watu wengi, hana duka, hana bango, kesho anabadilisha jina la ukurasa. Na nyie wateja nanyi! Nikikutajia 140,000 unanitolea simu: "mbona hapa ni 65?"

Mzee_Mstaafu
Duka, ungeweka basi hata 100,000 tukuamini.

Sio_Wakili
Kuhusu pesa. Sheria ya uuzaji wa bidhaa na huduma ya 2017 inataka kitu kifae kwa kazi kilichonunuliwa, na bomba la kupiga watu shoti halifai kwa kazi yoyote. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 nayo inamtaka muuzaji wa mtandaoni aonyeshe jina lake kamili na mahali alipo. Wako ana picha ya ua na namba ya simu. Lakini ulilipa kwa mobile money, na ujumbe ule una jina lililosajiliwa. Usiufute. Hiyo ya ndala ipige picha ya skrini, ni dhahabu, maana anakubali kwamba linauma.

Achana na muuzaji, andikia soko lenyewe lililopokea tangazo lake. Bomba usimpe boda yeyote kabla hela haijarudi. Na kwa kuwa uko Kireka, makao makuu ya UNBS yako hapo Bweyogerere, ni boda moja tu, lipeleke likiwa na boksi lake. Mahakamani upo utaratibu wa madai madogo, mpaka shilingi milioni 10, bila wakili. Ila kwa 83,000 mimi ningeanza na hayo mengine.

Nnalongo_Kireka
Jamani nimerudi, ni siku ya tano leo.

Fundi alikuja. Soketi ya jikoni ina waya wa kijani, amekuta umefungwa fundo ndani ya ukuta kama aliyeuweka alikuwa anaaga. Mizigo yote minane hakuna ethi. Mwenye nyumba alisema wapangaji wa zamani hawakulalamika, tukamwita aiguse friji ya jirani peku. Fimbo ya shaba imechimbiwa jana. RCD amekataa kununua, Ssalongo ameweka ya kwetu peke yetu.

Ekstensheni tuliifungua. Yale matundu ya juu ndani hayana kitu, ni plastiki tu, na kibati cha pembeni kimeungua kikawa cheusi. Hiyo 18,000 imekwenda.

Soko limenirudishia 65,000 baada ya picha ya ndala. Bomba nimelikata waya ili asije mtu akaliokota akaliunga, kesho nalipeleka Bweyogerere. Nimeingia kutazama ukurasa wa yule muuzaji kwa simu ya dada yangu. Bado yupo. Bomba lile lile, 60,000, ameandika punguzo.

Abwooli_wa_FortPortal
Tuma jina la ukurasa kwa wasimamizi wa soko tena. Na watoto?

Nnalongo_Kireka
Wazima. Tumerudi kwenye sigiri.

Kijana_wa_Arua
Fundi samahani, nina swali. Mama ana ekstensheni nyumbani, nilimnunulia mimi mtandaoni mwaka jana. Tundu moja limekuwa la kahawia pembezoni. Hiyo ni kawaida?

FundiWaya
Tundu hilo anachomeka nini?

Kijana_wa_Arua
Birika la umeme.

FundiWaya
Mpigie sasa hivi achomoe.

Kijana_wa_Arua
Hapokei, saa hizi yuko sokoni.

FundiWaya
Pigia jirani.