Naomba ushauri: nafanyia kazi nyumbani usiku, upweke unanizidi

Bundi wa Goba: Wakuu, heshima kwenu. Naishi Goba, Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuwajibu kwa maandishi wateja wa kampuni moja ya California, nikiwa nyumbani kwangu. Naanza saa mbili usiku na kumaliza saa kumi alfajiri; watu wanapotoka kwenda kazini, mimi ndiyo navuta shuka. Juzi mama wa genge aliponiuliza kama nataka nyanya, sauti iligoma kutoka mpaka nikakohoa, kwa kuwa tangu siku iliyotangulia sikuwa nimezungumza na mtu yeyote. Nafikiria kuhamia Sinza, kwenye watu. Mnanishauri nini?

Shabiki wa Kahawa: Mkuu, pole. Kabla hatujafika kwenye upweke, tueleze kazi hiyo inapatikanaje na malipo yanaingiaje, maana humu kuna vijana wapweke vilevile na hawana hata dola.

Mzee wa Drafti: Tafuta kijiwe. Ukifungwa drafti mbele ya watu utapata wa kukutania mwezi mzima.

Kisauni Mwenyewe: Amri ya kutotoka nje usiku, ambayo hapa Kenya ilidumu tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021, ilinikuta Nairobi nikifanya hesabu za watu chumbani. Mimi na jirani yangu tulicheza karata kupitia nondo za dirisha la ushorobani, kila mtu akiwa kwake, na mpaka leo ananidai soda.

Mama Wawili: Ndugu Bundi, umetaja nyumba, hukutaja chumba. Unaishi na nani humo?

Bundi wa Goba: Dada, mke wangu na watoto wapo Moshi kwa wazazi wangu tangu Agosti. Nalala mchana, na mtoto wa miaka mitatu haelewi kwa nini baba analala jua likiwaka. Alikuwa akija kunifumbua macho kwa vidole. Tulikubaliana, matumizi natuma kila mwezi, na sijamtelekeza mtu. Isitoshe, kodi ya Sinza nimeshalipa ya miezi sita, kwa hiyo naomba tujadili upweke, si ndoa yangu.

Mzee wa Drafti: Umesafirisha familia kwa basi, kisha unatuuliza sisi upweke umetoka wapi?

Mdadisi: Wakuu, msipoteze muda wenu. Katika uzi wake wa Septemba huyu bwana aliandika kwamba anaanza kazi saa moja jioni, na leo ni saa mbili. Hadithi za kutunga zina dalili zake.

Kisauni Mwenyewe: Hapo unamwonea. Wamarekani wa California hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kisha huzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sisi wa karibu na ikweta hatugusi saa zetu, ndiyo maana zamu yake imesogea.

Mdadisi: Saa nimekubali. Mke aliyeridhia kirahisi hivyo ndiye bado simwamini.

Mama Wawili: Mume wangu hufanya zamu za usiku bandarini, nasi tuna watoto wawili na vyumba viwili. Tulishona pazia la kitambaa kizito, na watoto hushinda kwa shangazi yao mpaka saa nane, kisha wote hula pamoja naye. Kwake ndicho chakula cha kwanza, kwao ni cha mchana. Kelele zipo, lakini hajawahi kukauka sauti.

Bundi wa Goba: Sinza nitahamia, hilo halibadiliki. Hata hivyo nimempigia mwenye nyumba, naye amesema chumba cha pili kitakuwa wazi Januari. Mke sijamweleza habari za Sinza. Nilitaka kwanza nisikie maoni yenu.