Askari wa Wissmann mwaka 1889 alivaa nini hasa?

Dada wa Dunda, Bagamoyo

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninasimamia kikundi cha maigizo cha vijana hapa Bagamoyo, na tunaandaa onyesho kuhusu tarehe 8 Mei 1889, siku ambayo kikosi cha Hermann von Wissmann, afisa wa Kijerumani, kilishambulia ngome ya Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, nje kidogo ya mji. Tumeshashonesha sare sita kwa kufuata picha moja tuliyoipata mtandaoni: gwanda la kaki, vitambaa vilivyoviringishwa kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti, na kofia ndefu iliyofunikwa kaki, yenye tai wa chuma mbele na pazia la kukinga shingo. Juzi mzee mmoja alipita kwenye mazoezi, akaichukua kofia, akaigeuzageuza mikononi, kisha akaniambia kwa upole kwamba huyo tuliyemvalisha ni askari wa vita vya 1914, na Abushiri hakupata kumwona. Maneno hayo yameninyima usingizi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kipi kiondolewe na kipi kibaki?

Mkazi wa Chumbageni

Dada, nakushauri usivunjike moyo wala usiingie gharama mpya. Watazamaji wengi watatambua kwamba huyu ni askari wa Mjerumani na huyu ni mtu wa Abushiri, na hilo ndilo linalohitajika jukwaani.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Ndugu yangu wa Chumbageni, nia yako ni njema, lakini sikubaliani nawe. Watoto watakaotazama onyesho hilo huenda wasipate nafasi nyingine ya kumwona askari wa wakati ule, na watakachokiona ndicho watakachokibeba maisha yao yote.

Mzee wako, mwanangu, amesema kweli kuhusu kofia. Tarabushi yenye kifuniko cha kaki na tai wa chuma ni ya jeshi la kikoloni, lile lililoundwa rasmi tarehe 22 Machi 1891, wakati Abushiri alikuwa ameshanyongwa Pangani tangu tarehe 15 Desemba 1889. Kikosi cha Wissmann kilikuwa mkusanyiko wa watu walioandikishwa kwa haraka. Kiini chake kilikuwa Wasudani wapatao 600 walioandikishwa Cairo, wengi wao wakiwa wamekwisha kutumikia jeshi la Misri, na pamoja nao walikuwamo vijana kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Kwa hiyo, ukitaka kumjua askari huyu, anza kumtafuta Misri kabla ya kumtafuta Ujerumani. Kofia ya jeshi la Misri ilikuwa tarabushi nyekundu yenye kishada, na mimi ningewavika vijana wako hiyo.

Umisri huo haukuishia kichwani. Vyeo vya askari weusi vilikuwa vya Kituruki na Kimisri, kuanzia chini kwenda juu: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, na juu yao efendi. Baadaye vyeo hivyo vilionyeshwa kwa mikunjo ya kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto, mmoja kwa ombasha, miwili kwa shaushi, na kuendelea. Kila kijana wetu anapomwita polisi “afande”, anatamka neno lile lile efendi. Ningefurahi sana kama mmoja wa waigizaji wako angelitamka jukwaani kwa namna ya zamani, ili watazamaji walisikie.

Kaki haina kosa. Jina lake limetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, na Waingereza waliokuwa India ndio walioanza kuzipaka sare zao nyeupe rangi hiyo, wakati mwingine kwa majani ya chai. Vitambaa vya miguuni navyo vilienea kutoka huko huko India. Usivifumue.

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo, Mwalimu. Naomba nichangie upande wa kitambaa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Kaki ya dukani siku hizi imechanganywa na nailoni, nayo hung'aa chini ya taa hata ikishonwa vizuri namna gani. Dada, tafuta pamba tupu, nzito, iliyofumwa kwa mistari ya mshazari. Ukiikosa, chukua marekani, ile pamba isiyopaushwa, uichemshe pamoja na majani ya chai na chumvi kidogo, kisha uianike kivulini. Usitumie maganda ya mkoko, maana yatakupa wekundu wa ngozi iliyotengenezwa, nao hauna sura ya vumbi. Kuhusu mikanda, ondoa kila bizimu ya plastiki na kila mkanda wa nailoni. Askari wa karne ile alifunga mkanda wa ngozi, na risasi zake zilikaa katika mabweta ya ngozi kiunoni. Ngozi ya ng'ombe iliyopakwa mafuta na kukunjwakunjwa kwa siku chache itaonekana kama imeshatembea safari ndefu.

Dada wa Dunda, Bagamoyo

Marahaba ya Fundi nimwachie Mwalimu. Mimi nawashukuru nyote. Kofia nitazibadilisha wiki hii. Limebaki suala la bunduki, kwani tumechonga za mbao na kijana anayeongoza mapigano anataka askari wafyatue mfululizo bila kupumzika.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, Fundi. Mwanangu, hilo la kufyatua mfululizo lizuie. Askari wa Wissmann walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye tundu la mtutu la milimita 11, ambayo ilipokea risasi moja tu kwa wakati. Kila mara askari alipaswa kuinua komeo, kulivuta nyuma, kutoa ganda, kutia risasi nyingine kwa vidole, kulisukuma komeo na kulilaza, ndipo alenge. Wafundishe vijana mwendo huo hadi mikono yao iuzoee, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa uhai wa askari.

Risasi yenyewe ilikuwa donge la madini ya risasi la gramu 25 hivi, likisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa moshi mweupe mzito, kiasi kwamba baada ya milio michache ya bunduki mpigaji haoni mbele, na adui anajua alipo. Ufaransa ilikuwa imeshapata baruti isiyo na moshi tangu 1886, na Ujerumani ikafuata 1888, lakini askari weusi walipewa bunduki ya zamani. Hata katika mapigano ya hapa Tanga, Novemba 1914, baadhi yao walikuwa bado wanaitumia. Kwa hiyo tafuteni unga mweupe, mtu auinue kwa upepeo kila bunduki inapolia.

Jambo moja zaidi: usiwabebeshe askari mashanta makubwa. Katika safari za bara, mahema, vyakula na masanduku ya risasi vilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, kila mmoja akibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32. Kama una vijana wa ziada, wafanye wapagazi, na uwaweke mbele mahali wanapoonekana.